Kiangazi cha masomo jijini Seoul: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Tangu nirudi kutoka shule ya kiangazi ya Chuo Kikuu cha Yonsei, Korea Kusini, maswali hayajakoma. Wanauliza wanafunzi wanaotaka kuomba nafasi, wanauliza wazazi wao, na walimu pia. Hapa nimejibu yale yanayojirudia. Ninajibu kama mwanafunzi aliyeishi kule. Mambo ya ada, viza na tarehe za maombi hubadilika, kwa hiyo yahakikishe kwa chuo chenyewe na kwa ubalozi kabla hujalipa chochote.

Shule ya kiangazi ni nini hasa? Si utalii tu wenye cheti?

Ni masomo kamili ya chuo kikuu, ila yamebanwa katika wiki chache kati ya Juni na Agosti. Yonsei imekuwa ikiendesha programu hii tangu 1985, na Korea University, chuo kingine kikubwa cha Seoul, kilianza ya kwake 2004. Wanafunzi hutoka nchi nyingi, na kozi nyingi hufundishwa kwa Kiingereza.

Piga hesabu mwenyewe: kozi ya krediti tatu kwa kawaida ina saa kama 45 za darasani. Ukizigawa katika wiki sita, ni saa saba na nusu kwa wiki kwa kozi moja. Ukichukua mbili, una saa kumi na tano za mihadhara kila wiki, bado hujasoma makala wala kuandika insha. Mtihani wa katikati unafika wakati bado unajifunza njia ya kutoka bwenini hadi darasani. Anayekwenda akidhani atapumzika atalemewa mapema.

Nichukue kozi gani?

Angalau moja iwe inayohusu Korea yenyewe. Uchumi au takwimu unaweza kuvisoma popote, lakini ni mahali pachache duniani ambapo unatoka kwenye mhadhara wa historia, ukatembea dakika chache, ukafika pale pale ulipokuwa ukisimuliwa.

Mfano ni lango kuu la Yonsei. Hapo, tarehe 9 Juni 1987, mwanafunzi wa chuo hicho, Lee Han-yeol, alipigwa kichwani na kopo la gesi ya machozi wakati wa maandamano ya kupinga utawala wa kijeshi. Alifariki tarehe 5 Julai. Katikati ya tarehe hizo mbili nchi nzima ilikuwa barabarani, na tarehe 29 Juni serikali ikakubali uchaguzi wa moja kwa moja wa rais, uliofanyika Desemba mwaka huo huo. Ndani ya chuo kuna ukumbusho wake, na mtaani, si mbali na hapo, kuna jumba dogo la makumbusho ambamo kimehifadhiwa kiatu alichokuwa amevaa siku ile. Kwa kuwa masomo ya kiangazi huanza karibu na tarehe hizo, unapita langoni kila asubuhi katika majira yale yale. Nilikuwa nikiona vijana wa rika langu wakipita pale na vikombe vya kahawa, na nikawa nafikiri jinsi haki ya kupita hivyo bila hofu ilivyo changa. Kitabu peke yake kisingenipa hilo.

Vivyo hivyo kwa kipindi cha ukoloni wa Japani, 1910 hadi 1945. Nyuma ya chuo kuna mlima mdogo uitwao Ansan, wenye njia nzuri ya mbao inayouzunguka. Ukiteremka upande wa pili unafika kwenye gereza la kale la Seodaemun, lililofunguliwa 1908 na kutumika hadi 1987, ambalo sasa ni makumbusho. Yu Gwan-sun, msichana aliyeongoza maandamano ya kudai uhuru mwaka 1919, alifia humo mwaka 1920. Nenda ukiwa umeshasoma kidogo juu yake, na usiende Jumatatu, maana panafungwa.

Lazima nijue Kikorea?

Kwa darasani, hapana. Kwa kuishi, jifunze kusoma maandishi yao kabla hujapanda ndege. Huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko wote, na ndio unaopuuzwa zaidi, kwa sababu watu wakiyaona maandishi yale wanadhani ni kama ya Kichina, yenye maelfu ya alama.

Sivyo. Hangul ni alfabeti yenye konsonanti 14 na irabu 10 za msingi. Mfalme Sejong aliikamilisha mwaka 1443 na kuitangaza 1446, kusudi watu wa kawaida wasioweza kumudu maandishi ya Kichina waweze kusoma na kuandika. Sura yake ndiyo imo kwenye noti ya won 10,000. Herufi kadhaa zimechorwa kwa kufuata kinywa: ㄴ, yaani N, inaonyesha ulimi ulivyoinuka kugusa nyuma ya meno, ㅁ, yaani M, ni umbo la mdomo. Kisha herufi hukusanywa katika silabi moja moja: ㅎ na ㅏ na ㄴ zikiwekwa pamoja zinakuwa 한, *han*. Mtu aliyezoea kusoma kwa silabi hatatizwi sana na jambo hili. Ukijituma jioni chache, utaanza kusoma, ingawa polepole.

Faida yake utaiona siku ya kwanza. Utasoma jina la kituo cha basi. Utajua duka la dawa ni lipi, maana limeandikwa 약. Utasoma orodha ya vyakula kwenye mgahawa usio na picha, na humo ndimo hupatikana chakula kizuri na cha bei ya chini. Tena utagundua maneno mengi unayajua tayari: 커피 ni kahawa, *keopi*, 버스 ni basi, *beoseu*. Wenzangu waliofika bila hangul walibaki wanategemea simu na barabara zenye maandishi ya Kiingereza, na mji wao ukawa mdogo kuliko wangu.

Baada ya hapo jifunze salamu, namba, asante na samahani. Inatosha kuanzia.

Viza je?

Inategemea pasipoti yako. Raia wa nchi fulani huingia bila viza kwa muda mfupi. Wengine lazima waombe ubalozini wakiwa na barua ya chuo. Barua hiyo huchelewa, basi omba nafasi mapema. Ukaaji wa zaidi ya siku 90 unahitaji kujiandikisha kama mgeni mkazi, lakini programu za kiangazi huwa fupi kuliko hapo.

Gharama kubwa ni ipi?

Ada ya masomo, kisha nauli ya ndege, kisha bweni. Maisha ya kila siku unaweza kuyabana. Uliza chuo chako kama kina makubaliano ya kubadilishana wanafunzi na chuo cha kule. Mara nyingi makubaliano hayo hupunguza au kuondoa ada, na wanafunzi wengi hawaulizi.

Mengine madogo. Nunua kadi ya nauli iitwayo T-money kwenye duka dogo lolote. Unaigusisha ukipanda na ukishuka. Usisahau kuigusisha ukishuka basi, kwa sababu ukipanda chombo kingine ndani ya dakika 30 hutozwi nauli ya mwanzo upya. Beba noti kiasi, kwani baadhi ya mashine za kuongezea salio la kadi hiyo huenda zikataka fedha taslimu. Bakshishi haitolewi mgahawani. Umeme ni wa volti 220, na soketi zao ni za matundu mawili ya duara.

Kwa ramani, tumia Naver Map au KakaoMap. Ile ya Google uliyoizoea huko huenda isikuelekeze vizuri kwa miguu.

Maisha ya bwenini yakoje?

Chumba ni kidogo, watu wawili, vitanda viwili, meza mbili. Hakikisha mapema kama kuna saa ya kufungwa mlango usiku, maana mabweni mengine yanayo.

Kinachowashangaza wengi ni taka. Tangu 1995 Korea Kusini hutoza taka kwa ujazo: taka za kawaida huingia kwenye mifuko maalumu ya kununua, mabaki ya chakula huwekwa peke yake, na plastiki, karatasi, kopo na chupa kila kimoja kwake. Bwenini vyombo vimepangwa kwa safu na vimeandikwa. Fuata utaratibu huo tangu siku ya kwanza. Wafanyakazi wa usafi ni akina mama wa makamo, na ukiwasalimu kwa heshima na kupanga taka zako vizuri, umejipatia walezi.

Joto na mvua vikoje?

Vikali. Mvua za msimu, wanazoziita *jangma*, huanza mwishoni mwa Juni na kuendelea karibu Julai yote, na mwishoni mwa Julai hadi Agosti joto hupita nyuzi 30 huku hewa ikiwa nzito kwa unyevu. Beba nguo nyepesi zinazokauka upesi, pamoja na sweta moja, kwa sababu madarasa na treni vina viyoyozi vya baridi sana. Mwavuli utanunua kule kule.

Siku za joto kali zaidi kwa kalenda ya zamani ni tatu, na siku hizo watu hupanga foleni kula *samgyetang*, supu ya moto ya kuku mdogo mzima aliyejazwa mchele na mizizi ya ginseng. Wanaamini joto hutolewa kwa joto. Kula siku hizo hizo, pamoja nao, ukitokwa na jasho. Ukitaka cha baridi, kuna *naengmyeon*, tambi zinazoletwa ndani ya mchuzi wenye vipande vya barafu.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini?

Utakula, lakini kwa kuuliza. Nyama ya nguruwe imo katika vyakula vingi, hata visivyoonekana kuwa nayo. Msikiti Mkuu wa Seoul, uliofunguliwa 1976, uko mtaa wa Itaewon, na barabara zinazouzunguka zina migahawa na maduka ya vyakula halali. Swala ya Ijumaa pale hukutanisha watu wa mataifa mengi, na nawajua waliopata marafiki msikitini kabla ya kuwapata chuoni. Katikati ya wiki, samaki, mayai na wali vitakufaa.

Kwa wasiokula nyama kabisa, tahadhari ni moja: kimchi, ile kabichi iliyochachushwa inayoletwa kila mlo, mara nyingi imetiwa dagaa kamba au mchuzi wa samaki waliochachushwa. Vyakula vya mahekalu ya Kibudha ndivyo vya kuaminika.

Kwa kila mtu: vile visahani vya pembeni havilipiwi, na vikiisha unaweza kuomba viongezwe. Wali huliwa kwa kijiko. Vijiti ni vya chuma, vyembamba, vinateleza, vidole vitazoea. Usivichomeke wima kwenye bakuli la wali, kwa kuwa hivyo ndivyo ubani unavyosimamishwa kwa ajili ya marehemu.

Ni kweli watanishurutisha kunywa pombe?

Hapana. Utaalikwa, na meza za vijana jioni zina *soju* tele. Sema mapema kwamba hunywi, inua glasi yako ya maji pamoja nao, na uwamiminie wakubwa kwa mikono miwili. Sikuwahi kuona mtu akilaumiwa kwa hilo.

Adabu gani nisizikose?

Mwanafunzi aliyelelewa kumwamkia kila mkubwa kwa shikamoo ana mwanzo mzuri kule, maana heshima ya umri imo ndani ya lugha yao: kitenzi hubadilika mwisho kulingana na unayesema naye. Pokea na toa kitu kwa mikono miwili. Inama kidogo unaposalimu. Mezani subiri mkubwa aanze kula. Vua viatu mlangoni. Kwenye treni, viti vya pembeni kabisa ni vya wazee, na vijana huviacha wazi hata treni ikijaa.

Utaulizwa umri mapema sana. Si udadisi mbaya. Wanataka kujua watakuita na kukusemesha vipi. Zamani Wakorea walikuwa na hesabu yao ya umri, ambapo mtoto alizaliwa akiwa na mwaka mmoja. Tangu Juni 2023 sheria imeweka hesabu ya kimataifa katika shughuli rasmi, lakini bado utasikia watu wakitaja miaka miwili tofauti, basi taja mwaka uliozaliwa na mambo yatakuwa sawa.

Mama yangu anauliza: ni salama kwa mtu mweusi?

Mwambie mama, nilitembea usiku nikitoka maktaba bila wasiwasi, na watu huacha mikoba na simu kwenye meza za mikahawa wakienda kuagiza. Kwa wizi na vurugu, Seoul ni mji tulivu sana.

Kutazamwa kupo. Wazee wengine watakukodolea macho kwenye treni, mtoto atakuonyesha kidole, mtu atataka kugusa nywele zako. Mengi ni mshangao tu, na ukisalimu kwa Kikorea uso wa mtu hufunguka mara moja. Lakini yapo pia yenye ubaguzi, na sitaki kumficha mtu hilo: kuna mahali pa starehe hukataa wageni mlangoni, na kuna anayehama kiti ukikaa. Linauma. Ninachokushauri ni uwe na mtu wa kumweleza siku hiyo hiyo, usilale nalo. Itaewon kuna jamii ya Waafrika na saluni za kusuka, na saa mbili za kusukwa huku ukisikia watu wakicheka kwa sauti zinaponya kuliko unavyotarajia.

Namba za dharura: polisi 112, zimamoto na gari la wagonjwa 119. Namba 1330 ni ya msaada kwa wageni, na wanaojibu wanazungumza lugha kadhaa.

Nikiugua?

Bima ya safari iwe imelipwa kabla ya kuondoka. Karibu kabisa na Yonsei kuna hospitali kubwa ya chuo, Severance, yenye kliniki ya wageni. Kwa mafua na tumbo, kliniki ndogo za mtaani zinatosha. Dawa zako za kila siku zibebe kwenye pakiti zake pamoja na barua ya daktari, na zichunguze kwanza: baadhi ya dawa za kusaidia umakini, zenye amfetamini, ni marufuku kabisa kuingizwa nchini humo hata kama umeandikiwa.

Nitapataje marafiki Wakorea?

Swali hili ndilo gumu, na ndilo ninalolijali zaidi. Kuna jambo ambalo vipeperushi haviwezi kukueleza wazi: wakati wa shule ya kiangazi, wanafunzi wenyewe wa Kikorea wako likizo. Muhula wao huisha Juni na mwingine huanza Septemba. Chuo unachokikuta kimejaa wageni kama wewe. Bila kukusudia unaweza kumaliza programu nzima ukila, ukisoma na kutembea na watu wanaozungumza Kiingereza, ukaondoka Korea hujazungumza na Mkorea zaidi ya mwenye duka na mhadhiri.

Wenyeji inabidi uwatafute. Programu nyingi zina wanafunzi wenyeji wanaojitolea kuwa wenzi wa wageni. Jiandikishe siku ya kwanza, maana nafasi huisha. Maktaba haijafungwa: vijana wanaojiandaa na mitihani ya kazi wako humo mchana kutwa, na wengi wanatamani kubadilishana lugha, nusu saa Kiingereza, nusu saa Kikorea. Chagua mgahawa mmoja mdogo na uwe unarudi hapo hapo. Mwenye mgahawa niliokuwa nakula mimi alianza kwa kunisahihisha matamshi, akaendelea kwa kuniongezea wali, hatimaye akawa ananiuliza darasani nimejifunza nini leo, nami nikawa najibu kwa Kikorea kilichovunjika huku wateja wengine wakinisaidia maneno. Nilijifunza zaidi kwenye kiti kile kuliko katika mazoezi yote ya kitabu.

Panda milima pia. Bukhansan, wenye kilele cha mita 836, sehemu yake imo ndani ya mipaka ya mji, na Jumamosi asubuhi umejaa wazee wenye fimbo na mifuko ya matunda. Ukikaa nao kupumzika, utapewa tango au tungule na utaulizwa umetoka wapi.

Wikendi niende wapi?

Ikulu ya kale ya Gyeongbokgung, iliyojengwa 1395, hufungwa Jumanne. Ukivaa *hanbok*, vazi lao la jadi, huingia bure. Makumbusho ya Taifa ni bure pia kwa maonyesho yake ya kudumu, na yanastahili siku nzima.

Safari ya mpakani, kati ya Korea Kusini na Korea Kaskazini, usiikose. Ukanda usio na majeshi una upana wa kilomita kama nne na unakata rasi nzima, na unaanza karibu sana na mji unaoutembelea kila siku kwa treni. Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953 vilisimamishwa kwa mkataba wa kusitisha mapigano uliotiwa saini Panmunjom tarehe 27 Julai 1953. Mkataba wa amani haujawahi kufuata. Beba pasipoti, maana inakaguliwa. Kabla ya hapo pita Jumba la Kumbukumbu la Vita mtaa wa Yongsan, ambako majina ya waliokufa yamechongwa ukutani, wakiwamo askari wa Ethiopia waliokwenda kupigana chini ya Umoja wa Mataifa. Mji wa Chuncheon una kumbukumbu yao ya pekee. Nilisimama mbele ya majina yale muda mrefu. Mwafrika anayesoma Seoul anapaswa kujua kwamba si wa kwanza kufika.

Krediti zangu zitakubalika chuoni kwetu?

Usisubiri urudi ndipo uulize. Peleka muhtasari wa kozi kwa mkuu wa idara yako kabla ya kuondoka, upate idhini kwa maandishi, ukichagua kozi mbadala moja au mbili kwa kuwa darasa linaweza kujaa au kufutwa. Ukiwa kule hifadhi kila kitu: muhtasari, orodha ya vitabu, insha zilizosahihishwa. Taarifa rasmi ya matokeo hutumwa baada ya programu kumalizika, na ni vizuri uandike anwani ya ofisi ya masajala ya chuo chako mwenyewe unapojaza fomu, ili ifike moja kwa moja bila kupitia mikononi mwako. Alama zikichelewa, andikia ofisi ya programu kwa adabu na utaje namba yako ya mwanafunzi. Mimi nilijibiwa upesi.